Vichupa vya Chanjo Ndani ya Viondo

Jumatatu, 3 Februari

Leo vichupa vinne. Nimevichemsha kwenye sufuria ndogo, nimevisugua kwa jivu, nimevianika nyuma ya choo kama kawaida.

Hili sijamwambia mtu, hata Mungu. Maombi yangu huwa ya jumla. Ni mimi ninayeiba vichupa kwenye shimo la takataka la kituo cha afya. Na shimo hilo ni la baba. Yeye ndiye anayechoma kila kitu kinachotoka wodini: pamba, bandeji, mipira ya dripu, vichupa vya chanjo. Tangu kipindupindu kiingie mjini kwetu takataka zimelishinda tanuru la kuchomea. Lilijengwa kabla ya Uhuru, wakati watu walikuwa wanaugua mmoja mmoja. Siku hizi magunia yanangoja foleni kama wagonjwa.

Naiba kwa sababu ya ugoro. Kichupa cha chanjo kina kifuniko cha mpira. Ukitiwa humo, ugoro haumwagiki, haulowi, na zaidi ya yote haunuki. Kanisani kwetu ugoro ni dhambi. Nilimpa Susu, nyanya yangu, kimoja tu. Susu akamwonyesha Mama Mumo, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mama Mumo akamwonyesha Mama Kioko wa duka. Sasa viondo, vikapu vyao vya kusuka, vinaingia kanisani na kichupa chini ya Biblia.

Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni, kabla hawajafunga bweni kwa ajili ya ugonjwa, nilimaliza muhula mzima bila kuomba chumvi mezani. Lakini siku hizi nikipita sokoni wananiita kutoka mbali, "Mwikali wetu!" Ndiyo hivyo. Naiba ili niitwe.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama anasoma Kikamba tu. Ningeweza kuandika Kiingereza. Lakini dhambi zangu hazijui Kiingereza.

Alhamisi, 6 Februari

Susu anaumwa na tumbo tangu alfajiri. Nimemuua nyanya yangu.

Nilichemsha? Nilichemsha. Muda wa kutosha? Sijui. Niliimba wimbo mmoja wa kanisa, beti zote.

Jioni. Hajafa. Alikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliolala siku tatu. Sasa ameketi kitandani anauliza kama kituoni hakuna kichupa kikubwa kuliko hiki.

Baba amechoma godoro la mtu leo. Hakusema la nani. Alinawa mikono mpaka maji yakaisha.

Ijumaa, 7 Februari

Mambo yameharibika.

Bwana Afya, mkaguzi wa afya, amekuja kutoka Machakos kwa pikipiki. Mtu mfupi, kofia kubwa. Ameokota kichupa cha chanjo chini ya benchi la mchinjaji, na lebo yake bado imebandikwa. Amemfuata baba hapa nyumbani. Nilisikia yote nikiwa jikoni.

"Mzee, wewe unachoma au unagawa?"

Baba aliinamia gambuti zake, viatu vya mpira vya kazi. Baba ambaye kila siku anasema, "Kwangu hakitoki kitu ila moshi."

Bwana Afya ametoa amri: vichupa vyote vipatikane kufika Jumatatu. La sivyo baba arudishe gambuti na funguo za shimo, aende zake. Miaka yote hiyo ya kazi.

Hakula. Nikampelekea chai. Akaniambia, "Mwikali, labda nimezeeka. Labda huwa nasinzia pale shimoni, watu wanaingia."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikapiga mwayo.

Najichukia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwambia Susu. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nikimenya viazi, ndipo maneno yakatoka. Susu akavuta ugoro, akapiga chafya, akafikiri.

"Wewe umeiba, sisi tumepokea. Sote wezi. Nenda uchote maji."

Nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa ametoka na fimbo yake.

Shida iko hapa. Mama yeyote akimrudishia Bwana Afya kichupa, amekiri ugoro. Na mzee wa kanisa ni Mwalimu Nzioki, anayefundisha Kiswahili shule ya msingi na kusahihisha hata maombi ya watu. Mwaka jana alimkuta mama mmoja na ugoro, akamkalisha benchi la nyuma bila Meza ya Bwana mpaka mahindi yakavunwa. Mama Mumo amesema afadhali kipindupindu, hicho angalau kina dripu.

Nimewaona wakipita nyumba kwa nyumba alasiri yote, viondo begani, wakisuka kamba huku wanatembea. Wanaongea bila kufungua midomo. Mimi hawakuniita.

Jumapili, 9 Februari

Naandika huku najizuia kucheka.

Bwana Afya alikuja kanisani kutufundisha kunawa mikono. Alifundisha kwa muda mrefu kuliko mahubiri. Baba alikaa nyuma kabisa, kofia magotini, kama mtu wa kesi.

Halafu sadaka. Kwetu kiondo cha sadaka hupita watu wote wakiwa wamefumba macho, ili mtu asijue jirani ametoa nini. Ni sheria ya Mwalimu Nzioki mwenyewe. Kiondo kikaanzia upande wa akina mama.

Kling.

Kling, kling.

Nilifumbua jicho moja. Mwalimu alikuwa amefumba yake, anatabasamu. Kwa masikio yake ule ulikuwa uamsho. Kiondo kilipofika mbele kilibebwa na watu wawili.

Mwalimu akaingiza mkono. Akatoa kichupa. Akakigeuza. Akang'oa mpira. Akanusa, na akanusa vizuri, kwa matundu yote mawili ya pua, kama mtu anayekumbuka kitu. Kisha chafya. Moja. Tatu. Saba. Biblia ikaanguka. Bwana Afya akaja kuangalia, naye akanusa, naye akaanguka kwenye kiti.

Susu akasimama na fimbo yake.

"Shetani alichukua, Bwana amerudisha. Tuseme amina!"

Akina mama walisema amina hata popo wakatoka darini.

Jumatatu, 10 Februari

Baba amebaki na gambuti zake.

Bwana Afya aliamuru vichupa vichomwe mbele ya macho yake, vyote, sasa hivi, kama vilivyo. Baba akamwambia kwamba vimefungwa na vina vitu ndani. Bwana Afya akasema yeye ndiye aliyesomea.

Pa! Pa! Mpira ukifungia hewa, kioo kinapasuka. Sote tukalala chini. Halafu ugoro ukashika moto, na upepo ulikuwa unaelekea sokoni. Nilisikia mji ukipiga chafya kwa zamu: mchinjaji, askari, mbuzi wa mnada, kisha wodi nzima pamoja na sista. Bwana Afya aliondoka na pikipiki yake. Chafya zake tulizisikia mpaka darajani.

Tulibaki wawili. Baba akachokoa majivu akasema tena habari ya kuzeeka, kwamba ataomba wamtafute kijana.

Nikasema, "Ni mimi." Hivyo tu. Nikiwa nimemtazama.

Akachokoa majivu tena, kisha akainuka. Akasema, "Kwa hivyo sikusinzia."

"Hukusinzia, baba."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Hasira ilikuja baadaye, na ilikuja yote. Akasema ningeweza kuua watu. Najua. Kuanzia leo kila kichupa kitavunjwa kabla ya kuchomwa, na mvunjaji ni mimi. Halafu akauliza niliwapa akina nani. Nikasema sikumbuki. Nimemdanganya baba yangu usoni na sikuona aibu hata kidogo.

Jumatano, 12 Februari

Navunja kwa jiwe, chini ya gunia, ili vipande visiruke. Mikono inauma. Ni kazi nzuri. Hakuna anayekuzungumzisha.

Sokoni hawaniiti tena. Lakini leo asubuhi nilikuta papai juu ya ua wetu, na kiondo cha Mama Mumo kikipotelea kwenye kona.

Mwalimu Nzioki anazunguka akitafuta majina ya wenye vichupa kabla ya Meza ya Bwana. Kila mama anamwambia alikuwa amefumba macho. Majina yameandikwa mahali pamoja tu duniani, humu daftarini, kwa Kiswahili ambacho yeye atakisoma na kukisahihisha.

Niuchane ukurasa? Siwezi.

Viatu vya ngozi vya Mwalimu vinalia uani. Baba anamsalimia. Anamuuliza habari za nyumbani. Za shule. Sasa anamuuliza habari za ng'ombe, mmoja mmoja. Mwalimu hana ng'ombe.

Baba anasema kwa sauti kubwa, "Karibu ndani, Mwalimu, Mwikali yuko, anasoma."

Wanakuja. Debe la unga liko wazi. Daftari linaingia