Mvumo wa Mollo na Sentensi Yangu

Jumatatu, 9 Juni 1975

Leo, mnamo saa nne asubuhi, alifika barazani pangu hapa Majengo mgeni aitwaye Ndugu Flavian, mwenye Landrova ya kijivu na vipaza sauti viwili juu ya paa. Alihitaji barua ya kumtambulisha kwa wenyeviti wa vijiji. Alikuwa amekwisha kuianza mwenyewe. Lo, Kiswahili kile! Sentensi hazina kichwa wala miguu. Niliomba ruhusa ya kuichana, nikaandika upya: “Wananchi wanaombwa wampokee mjumbe huyu na kutekeleza yote atakayoyaelekeza, kwa moyo mkunjufu, pasipo kinyongo wala kusitasita.”

Akaisoma kwa sauti mara tatu, macho ameyafumba. Akasema kalamu yangu inaweza kufungua mlango usio na kitasa. Nikagonga na muhuri wangu wa duara, ule niliouchonga mwenyewe katika kipande cha katambuga, kiatu cha mpira wa gari: MWANDISHI WA MAOMBI – SUMBAWANGA. Unapendeza mno.

Sikumwuliza ametumwa na nani. Niliona si adabu kumhoji mtu aliyetoka kunisifu.

Jioni nilimsimulia mke wangu Rozina. “Baba Tusajigwe,” akasema, “wewe hata chumvi ikipungua utaandika *Yah: Maombi ya Chumvi*.” Binti yetu Tusajigwe alicheka hadi akavunja mpini wa jembe aliokuwa ameushika. Ni wa tatu mwezi huu.

Sababu ya mipini kuvunjika siiandiki popote isipokuwa humu. Wakati wa masika, mtoto huyu wa miaka kumi na mitano alilinyanyua lori lililozama tope kijitoni Kasense – peke yake, na dereva yumo ndani! Binamu yake Adela, mtoto wa Fransiska, dada mkubwa wa mke wangu, naye ana lake. Akipiga makofi, sauti zote zilizo karibu hufa. Iligundulika siku alipochuchumaa kumwamkia bibi yake kwa makofi, kama Wafipa wanavyowaheshimu wazee. Bibi akabaki akichezesha midomo bila neno, jogoo akanyoosha shingo bila mlio. Tangu siku hiyo mama yake amemkataza. Huamkia wazee mikono ikiwa nyuma, na Kasense nzima inasema hakulelewa.

Alhamisi, 12 Juni

Mambo makubwa! Nitaandika kwa mpangilio.

Shemeji Fransiska amekuja kwa miguu kutoka Kasense. Hakutaka kuketi wala maji. Anasema watu wa Mollo wameuacha ulezi shambani. Umeiva, ndege wanaumaliza, na hakuna wa kuwafukuza. Kijiji kizima, mpaka wajawazito, kinakata miti na kuikokota mlimani ili kujenga mlingoti wa kutundikia kipaza sauti. Ndugu Flavian aliwaita mkutanoni akafungulia vipaza sauti, ukatoka mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mvumo ule ukishamwingia mtu, lolote atakalosomewa ndilo atakalolitenda.

Mwanzoni mgeni alitumia maneno yake mwenyewe. Alisema, “Leteni mikono,” na watu wakasimama juani mpaka adhuhuri wamenyoosha mikono mbele! Ndipo alipotoa karatasi mfukoni, akaisoma. Wakaondoka wote kwenda kazini.

“Na ukiwauliza wanajenga nini, shemeji, wanakujibu kwa pamoja kama watoto wa shule. Hata yule kigugumizi wa nyumbani kwa Zenon, kule Mollo, hakwami. Wanasema: kwa moyo mkunjufu, pasipo kinyongo wala kusitasita.”

Sentensi yangu!

Niliomba radhi, nikatoka nje, nikaushika ukuta.

Jumamosi, 14 Juni

Nilipanda baiskeli hadi Kasense kuitangua barua. Nimeikuta imepigiliwa misumari mlangoni kwa Mwenyekiti, Mzee Dominiko, nao mkutano wa Ndugu Flavian umekwisha kupangwa kuwa Jumatano.

Nikasema, “Shikamoo. Ndugu Mwenyekiti, barua hii ni batili, nami ndimi niliyeiandika.”

“Marahaba. Haiwezi kuwa batili, Mwandishi. Imeandikwa vizuri mno.”

“Mgeni huyu sikumfahamu.”

“Na muhuri huu wa duara?”

“Ni wangu. Niliuchonga kwenye kiatu.”

Alicheka mpaka akakohoa, akamwita na mkewe aje asikie. “Kiatu! Wivu huo, Mwandishi. Umeona mgeni amepata heshima, sasa unasema amepewa na kiatu!”

Nikamwachia tamko la kurasa mbili. Alilisifu. Akalitundika chini ya ile barua ya kwanza.

Kwa Fransiska, Rozina na Tusajigwe wakiwa wamekwisha kufika kwa miguu, tukafanya baraza la ukoo. Tusajigwe anataka kwenda Mollo kesho baada ya Misa, akauvunje mlingoti, na Adela aukatize mvumo kwa makofi. Fransiska akakataa katakata: Adela hapigi makofi, basi. Adela, ambaye huwa hasemi, akasema, “Mama, mwaka wa pili huu naitwa sina adabu kwa sababu ya mikono hii. Kama ni kuitwa, niitwe basi kwa kazi niliyoifanya.”

Rozina akasema: “Dada, waache. Tutawafuata nyuma na kibuyu cha maji, kama tunasindikiza maharusi.”

Fransiska akainuka akatoka. Nikadhani amekasirika. Kumbe amekwenda kuyeyusha nta ya kuzibia masikio.

Jumapili, 15 Juni

Nimeona! Nimeona kwa macho yangu!

Tusajigwe aliukumbatia mlingoti wa Mollo, akaung’oa, akauvunja gotini kama bua la mtama. Wanaume ishirini waliokuwa wameusimamisha walimjia, macho yao hayamtazami mtu. Ndipo Adela alipochuchumaa mbele yao, akapiga makofi kwa taratibu zote za heshima. Dunia ikafa ganzi! Mvumo ukakatika, na watu wakaamka. Mzee mmoja aligeuka kulitazama shamba lake la ulezi akaanza kulia bila sauti. Ukimya ulidumu kadiri ya sala moja ya Baba Yetu, isiyosomwa kwa haraka. Mvumo uliporudi kutoka kwenye Landrova, Adela akapiga tena, na tena, mpaka viganja vikavimba. Walioamshwa mara tatu hawakutekwa tena.

Mimi nilisimama mbele ya Landrova nikatamka, “Simama, ewe mhalifu, kwa jina la haki!” Hakuna aliyenisikia, maana ukimya ulikuwa haujaisha. Ndugu Flavian akanipita akatimua vumbi, na kipaza sauti kimoja kizima juu ya paa.

Tumerudi tukiimba. Fransiska mwenyewe alikuwa akiwaonyesha wapita njia mikono ya Adela!

Baadaye, saa moja jioni. Rozina hajarudi. Nilidhani yuko nyuma na dada yake, dada yake alidhani yuko mbele nami. Mwanamke mmoja wa Mollo anasema mke wangu alichomoa nta masikioni mwake, akampa yeye, kwa kumwona ni mjamzito.

Jumatatu, 16 Juni

Landrova ilisimama mlangoni saa saba mchana. Rozina alishuka, nguo safi, uso umetulia.

“Mume wangu mheshimiwa, nimewasili salama, nami niko tayari kupokea maelekezo.”

Miaka kumi na saba nimekuwa nikimsihi mwanamke huyu azungumze kwa sentensi kamili.

Ndugu Flavian aliketi mahali pangu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mlingoti wa Mollo ulikuwa wa majaribio tu. Ule wa kilima cha Kasense umesimamishwa usiku wa jana na watu aliowateka kwingine, na ni mrefu mara tatu. Jumatano mvumo utafika uwanda wote wa Ufipa, mpaka ukingo wa bonde la Rukwa. Anahitaji Azimio litakalosomwa ndani yake: kurasa nne, lisilo na mwanya, ili yeyote atakayelisikia awe wake moja kwa moja. Nilitunge mimi, nilisome mimi, kisha niwe katibu wa mkutano.

Nikamwuliza kwa nini asinivumishie na mimi, yakaisha.

“Mtu aliyetekwa hatungi,” akasema. “Anakariri tu. Akili yako naihitaji nzima, Mwandishi. Ya mkeo nitakurudishia ukimaliza kusoma.”

Rozina alikuwa ametuandalia ugali. Haukuwa na kasoro. Mboga haikuwa na chumvi. Nikamwambia, “Niletee chumvi, tafadhali.” Akaileta, akaiweka mezani, akarudi kusimama ukutani. Nilimngojea aseme kitu.

Kisha akaingia garini, wakaondoka. Hakugeuka.

Jumanne, 17 Juni

Nimeandika tangu alfajiri. Nakiri humu: kurasa tatu za kwanza ni bora kuliko chochote nilichowahi kuandika. Hazina mwanya. Niliposoma aya ya pili nilijisikia kusimama wima.

Kisha likanijia wazo jingine, nikaruka kitini! Kwa kuwa ni mimi nitakayesoma, nisome langu! “Kila aliyetekwa na arudishiwe akili yake, awe huru tangu sasa.” Uwanda mzima utanisikia, na Rozina miongoni mwao! Nilimwita Tusajigwe nikamsomea.

Hakufurahi. Aliuzungusha mkono wa kikombe cha bati mpaka ukang’oka. “Baba, wakiwa huru kwa sababu wewe umewaamuru, si bado wanamtii mtu? Na mama je? Atakuwa ni mama, au ni mama uliyemwandika wewe?”

Nikamwambia hajui kuchambua hoja. Akasema ndiyo, Baba. Akatoka.

Nimekaa na swali hilo saa nzima. Ile karatasi ya kuwaweka huru nimeitia motoni.

Tumepatana hivi: Adela atapiga makofi, na ndani ya ukimya Tusajigwe atalinyakua sanduku la betri linaloendesha vipaza sauti, alivunje. Viganja vya Adela vimepasuka. Mama yake amevifunga kwa kitambaa na mafuta. Anahesabu kwamba vitaweza mara tatu, si zaidi.

Azimio la kurasa nne nimelimaliza, ninalo mfukoni. Ni la kumdanganya Ndugu Flavian tu.

Nadhani ni la kumdanganya tu.

Jumatano, 18 Juni. Saa tisa alasiri, uwanja wa mkutano, kilimani Kasense

Ninaandika nikiwa mezani mbele ya watu. Mimi ndiye katibu, hivyo hakuna anayeshangaa kuiona kalamu ikienda. Nta imo masikioni. Mvumo siusikii, ila naujua kwa meza: inatetemeka chini ya daftari.

Watu hawapungui mia nne, wote wameketi chini. Mzee Dominiko yuko mstari wa mbele, mikono magotini, hapepesi macho. Tusajigwe, Adela na Fransiska wamekaa kati ya wanawake, wamejitanda khanga kuficha nta masikioni.

Sanduku la betri liko chini ya mlingoti. Na juu yake – Mungu wangu – amekalishwa Rozina! Amelikumbatia kwa mikono yote miwili. Ndugu Flavian amenionyesha kwa kidole, akatabasamu. Ameelewa kila kitu tangu Mollo.

Ananiita nikasome. Nimemwashiria kwamba namalizia kuorodhesha waliohudhuria.

Adela amepiga! Meza imetulia. Watu wanageuza shingo, Mzee Dominiko anajishika kichwa. Tusajigwe ameruka – amelifikia sanduku – amelinyanyua kimo cha goti, na mama yake juu yake – amesita. Mikono ya Rozina haiachii. Mtoto akilivuta ataivunja. Analishusha. Ananitazama mimi, machozi yanamtoka. Mwenye nguvu kuliko lori!

Meza inatetemeka tena. Ndugu Flavian amenishika bega. Anaelekeza kwenye kipaza sauti. Ninazo mfukoni, kurasa nne, zisizo na mwanya. Naweza kumwamuru Rozina aachie. Atatii papo hapo. Atanitii siku zote.

Adela, mara ya pili. Damu imepenya kitambaani. Meza kimya.

Ndugu Flavian anafoka, na kinywa chake ni tundu tupu. Nami sina neno linaloweza kumfikia mtu. Nimeziweka zile kurasa chini ya kiatu. Nimevua kofia. Nimetoka nyuma ya meza, nimechuchumaa hapa mbele ya mke wangu, daftari gotini, mkono mmoja tu juu ya meza ili nijue mvumo ukirudi. Sijui kingine cha kufanya. Sijamwashiria lolote.

Ananitazama. Hapana, anatazama suruali yangu ya Jumapili mavumbini. Mabega yake yanatikisika. Anacheka!

Hakuna aliyemwamuru acheke.

Mkono wa kushoto umeachia. Anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Tusajigwe amepiga goti kando yake, hagusi kitu. Adela anainua mikono, ya mwisho hii, mama yake amemshika viwiko kumsaidia – meza inaanza kutetemeka, naihisi – na mkono wa kulia wa Rozina umeachia sanduku, umekuja kuishika kalamu yangu.