Spika za Adhana

Swalha,

Jirani yetu Odette aliwahi kuniuliza, "Mama Yasir, kompyuta yenu ni bubu?" Leo imesema. Kaka yako ameifungia spika kubwa, ikaadhini adhana ya alfajiri saa nne asubuhi! Kumbe saa yake bado ni ya Dar, na huku tuko mbele kwa saa tano. Irekebishe kabla ya adhuhuri.

Nimejaribu na zile ndogo. Kubwa zinanguruma tu, ndogo zinatamka kila herufi. Kwa nini? Utanieleza nikirudi kutoka soko la Liuhua. ~~Kubwa zirudishe dukani.~~ Ziache, Yasir kazipenda. Chai ipo kwenye chupa.

Yasir alijisifu, "Mama, tangu baba afariki nyumba hii haina muadhini. Sasa tunaye." Nikamuuliza, "Na koo lako wewe lina kazi gani, mwanangu?"

Akachukua kofia yake, akatoka.

Mama yenu