Woka ya Mama na Jumapili ya Shukrani

Mwaitu,

Nakuita mama kwa Kikamba, ingawa wewe nawe uliniita hivyo hivyo. Ulinipa jina la mama yako, Mwikali, na kwa desturi ya kwetu ukaniita Mwaitu tangu nikiwa mgongoni. Tulikuwa tukiitana mama sisi wawili, na wageni wakicheka. Sasa hakuna wa kuniita hivyo.

Tangu tukuzike nimefunga kabisa duka langu la Kwa Vonza nikabaki hapa Kasikeu. Mbuzi wako salama, yule mwekundu amezaa mapacha. Mvua ilinyesha siku nne ikakata. Mbaazi zimesimama, mahindi yamekauka. Kiti chako cha kamba kiko pale pale jikoni na sijaweza kukikalia. Hizo ndizo habari nzuri. Zilizobaki ni chungu, na nimenyamaza vya kutosha.

Magoti yako yaliharibika mbele ya macho yetu. Ulianza kuyamaliza ukiwa msichana Ikutha, ukibeba maji kutoka mtoni, na matuta ya shamba la hapa yakamalizia. La kulia halikunyooka hata ukilala. Daktari alipotazama picha alitueleza ukweli. Goti lililopinda miaka mingi hivyo si kazi rahisi, alisema, na mifupa yako imekuwa laini. Hata akikuwekea goti la chuma, misuli itachukua muda kujifunza kazi upya. Miezi mitatu utembee na woka, ile fremu ya miguu minne, usiiache hata hatua moja. Niliyaandika yote kwenye daftari.

Alikuuliza unataka goti hilo likufanyie nini. Nilidhani utasema shamba.

"Mimi nataka tu kuenda choo peke yangu," ulimwambia. "Huyu nilimzaa. Asinishike huko."

Daktari alicheka. Mimi niliangalia sakafu, maana nilikuwa nimekushika huko mwaka mzima na sikujua ilivyokuuma.

Na ulienda, Mwaitu. Wiki ya tano baada ya upasuaji ulivuka uwanja na woka yako, na mimi nikabaki mlangoni nikijifanya napepeta ndengu. Ulikaa huko muda mrefu kuliko haja yenyewe. Uliporudi ulikuwa na maringo ya bibi harusi, ukaniamuru nikuletee chai.

Sasa nifike kanisani. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, walikuwa wamekuchimbia shamba zima ukiwa wodini, na wakakuchotea maji hadi tangi likajaa. Walikuwa wema, sitawanyima hilo. Lakini kwetu mtu akiombewa na kulimiwa, lazima apite mbele siku ya shukrani watu wamwone amepona. Ilikuwa wiki ya saba tu. Tungeweza kungoja, na hakuna aliyesema tungoje, hata mimi mwenye daftari.

Ulipita mbele polepole, watu wakipiga makofi. Mchungaji akasema hiyo chuma inaficha muujiza, umpe Bwana mikono yote miwili. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwikali, toa hiyo kitu, watu waone."

Ulinitazama. Ukasema kwa sauti ndogo, nikasikia mimi peke yangu, "Mwaitu, bado."

Nikaitoa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Haikuwa imani. Ilikuwa aibu, aibu ya kuonekana na shaka mbele ya wanawake waliotulimia. Ulipiga hatua mbili. Ya tatu mguu ukakataa, ukaanguka kwa ubavu, na mimi nimesimama hapo karibu nimekumbatia woka kama mtu aliyeachiwa mkoba ashike. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya lile goti la chuma. Wakakupasua tena, na safari hii kidonda kikaingia usaha hadi ndani ya goti. Wiki zako za mwisho ulikuwa unapelekewa beseni kitandani, na aliyelibeba ni mimi. Ulikuwa unageuza uso ukutani hadi nimalize. Hukunilaumu hata siku moja. Afadhali ungenilaumu.

Siku ya mazishi Mchungaji alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, watu wakaitikia amina. Mimi nilikaza meno. Bwana hakutwaa woka, Mwaitu. Mimi ndiye niliyeitwaa. Baadaye Mchungaji alikula wali kwetu akaongezwa sahani ya pili, na mimi ndiye niliyempakulia, kwa adabu uliyonifundisha. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu amehamia kabisa, anakula hapa na kulala hapa.

Kuna jambo lililonifanya niandike leo. Mama Kioko, jirani yako wa ng'ambo ya korongo, naye amewekewa goti. Alituma watu waniombe woka yako. Niliiosha kwa sabuni nikampelekea mwenyewe. Daktari amempa miezi mitatu vile vile, na hajamaliza hata miwili, na shukrani yake ni Jumapili hii. Nilimsihi angoje. Akaniambia watu wamejitayarisha, atawaangushaje. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana hayo maneno nayajua, nilikuwa nayo kifuani siku ile. Nikaenda kwa Mchungaji pia. Alinisikiliza akitabasamu, akaniambia ananiombea niondolewe uchungu. Nikamwambia asijisumbue, bado nina kazi nao.

Kwa hiyo Jumapili nitaingia kanisani, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nitakaa benchi la mbele, na viatu vya chini. Mama Kioko akisimama nitasimama naye, na mkono wangu utakuwa juu ya ile woka hadi arudi kukaa. Watanong'ona, wanong'one. Mwethya wasiponilimia tena nitalima mwenyewe, magoti ninayo.

Lala salama, Mwaitu. Sikuombi msamaha, najua ungenipa upesi mno. Nakuahidi kitu kimoja tu. Mchungaji akiniita jina tena, akisema nitoe hiyo kitu watu waone, nitamjibu kwa neno lako lile lile, lakini kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Nitamwambia bado.

Mwikali