Mwenyewe Atakuja Kumwaga Maji

3 Oktoba

Wifi yangu mpenzi,

Hamjambo hapo? Mimi na mtoto tu wazima. Uvimbe umeshuka, jicho linafunguka. Asante kwa kuniombea trela hii ya kuishi kwa mwenyewe. Nikigeuka kupika, mgongo unagusa kitanda, lakini mlango unafungwa kwa ndani, na hilo linanitosha. Shida ni hita ya maji. Naiwasha, inanguruma, bomba linakohoa, matone yanatoka baridi kama roho ya kaka yako. Mtoto nitamwogeshaje?

Tafadhali usimwambie kaka yako nilipo. Safari hii hataishia kwenye jicho.

Wifi yako


9 Oktoba

Wifi,

Salamu zimefika, sisi hatujambo. Izime haraka, unaunguza mali ya watu. Tangi tupu haliwashwi. Fungua koki ya maji ya moto, washa pampu, ngoja mpaka bomba liache kukohoa na maji yatiririke sawasawa. Hapo limejaa, ndipo uwashe gesi. Ninyi mliosoma sijui mlisoma nini.

Kaka amekonda. Hali chakula, hasemi. Mimi nimenyamaza.

Wifi yako


20 Oktoba

Wifi yangu,

Nyote mko salama? Sisi tumeoga, wifi, tumeoga mpaka vioo vikafunikwa na ukungu. Mtoto alipiga maji kwa viganja, nikajikuta nacheka, nikaishtukia sauti yangu. Zamani nilikuwa najiuliza kila siku nilimkosea nini mume wangu. Siku hizi najiuliza kidogo.

Ila asubuhi barafu imeshika dirisha. Kibandiko cha hita kinasema nimwage maji yasigande, tangi likapasuka. Kizibo cha nje cha kutolea maji kina kutu, nimeshindwa kukizungusha.

Wifi yako


27 Oktoba

Wifi,

Za huko? Usikilazimishe. Zima hita, maji yapoe kabisa, kisha zima pampu na uache koki ya moto wazi presha itoke. Ukifungua kizibo maji yakiwa ya moto, yatakubabua. Kizibo muachie mwenyewe. Jumamosi ijayo atakuja kumwaga maji, ana spana. Akibisha mfungulie, asisimame kwenye baridi.

Wifi yako


1 Novemba

Wifi yangu,

Mungu akuweke. Hita nimeizima, koki iko wazi, tangi limepoa. Mwambie mwenyewe kazi yake ni kizibo tu, chai ataikuta mezani.

Wifi yako


15 Novemba

Wifi,

Pole na kuuguza mbavu. Nimemwomba muuguzi akusomee hii, maana nasikia macho bado hayajafunguka. Mtoto yuko kwangu na baba yake, anakula, usiku halii sana.

Watu wananiambia eti unasema nilikudanganya. Sikuandika uongo hata neno moja. Mwanamke akiulizwa alipo mumewe hujibu, mwenyewe hayupo. Hata wewe ulikuwa ukinijibu hivyo mlangoni kwako. Sasa ulidhani mwenyewe ni nani?

Kizibo alikifungua bila shida. Tangi ni zima.

Shangazi wa mtoto