Nusu Chupa ya Mama Mkwe

Mama Chelimo,

Nimesoma safu yako tangu ulipostaafu unesi na sikuwahi kufikiria nitakuandikia, lakini leo nakuomba unisaidie kwa sababu jambo lenyewe ni la dawa na pia ni la heshima, na sijui lipi nilitangulize. Naitwa Kiragu, nina miaka arobaini na moja na duka la agroveti hapa Kitale, nauza dawa za kupe na za minyoo, na kazi yangu kutwa nzima ni kuwasomea wakulima maandishi ya kwenye chupa, huyu nisimpe hii kwa sababu ng'ombe wake ana mimba, yule asichanganye dawa mbili za minyoo kwa sababu majina ni mawili lakini ndani ni kitu kimoja.

Wiki tatu zilizopita nilishikwa na mafua, kichwa kikauma, pua ikaziba, nikaenda duka la dawa nikapewa vidonge vya mafua, viwili mara tatu kwa siku, halafu Gicheru wa kanisani kwetu akaja kuniona akaniletea zile pakiti za unga wa ndimu unaokorogwa kwa maji moto, nikawa nakunywa moja kila baada ya chakula, na jioni, kwa vile kichwa hakikuacha, nikaongeza viwili vya kawaida vya maumivu ambavyo havikosi kwenye droo yetu. Siku ya pili akaja mama mkwe wangu kutoka Bokoli na dawa ya kikohozi.

Mke wangu Namalwa ni Mbukusu, na kwao mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawakai karibu, na mimi Mkikuyu nilijifunza hayo pole pole na nayafuata kwa moyo wote, kwa hiyo mama alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akaitoa chupa kwenye mkoba, akaiweka juu ya stuli, akarudi kukaa, ndipo mimi nikaichukua. Chupa ilikuwa nusu, na hilo liliniingia moyoni, maana yeye mwenyewe anakohoa tangu mwezi wa nne, anasema ni moshi wa jikoni, na bado alijinyima akaniletea. Akamwambia Namalwa, huku akitazama ukuta, "Mwambie baba akunywe yote. Hiyo ni dawa kari, ndiyo inanisimamisha mimi."

Nilikunywa, ningekataaje. Kesho yake saa tano asubuhi nikalala dukani, kichwa juu ya mizani, mpaka mzee Kipchirchir aliyekuja kununua dawa ya kupe akaniamsha akauliza kama nimekunywa busaa mapema hivyo, na ajabu ni kwamba macho yalikuwa yanalala lakini moyo unakwenda mbio. Ndipo nikavipanga vyote kwenye kaunta nikasoma kama ninavyosoma vya ng'ombe. Vidonge vya mafua, parasetamoli. Unga wa ndimu, parasetamoli. Vya maumivu, parasetamoli. Na dawa ya mama ina vitu viwili ambavyo tayari vimo kwenye vile vidonge vya mafua, kimoja cha kufungua pua na kimoja cha kukausha kamasi. Niliacha vyote siku ile ile na nimepona, lakini bado najiuliza, kwa nini watengeneze kitu kimoja kwa rangi tofauti, na mtu analalaje huku moyo unakimbia?

Shida iliyobaki ni mama. Alipopita wiki iliyofuata alimwambia Namalwa ainue chupa dirishani aone kama imeshuka, na Jumapili anakuja tena, kwa hiyo nimeanza kumwaga kijiko kimoja kila siku kwenye maua. Je, huo ni uongo? Nikimwambia ukweli roho itamuuma, na siku hizi hana nguvu, presha inamsumbua, daktari amemwongezea vidonge mara mbili na bado haishuki, na mwezi jana kizunguzungu kilimwangusha akianika maharagwe, akasema ni uzee. Sitaki kumwongezea huzuni. Nifanyeje?

Kiragu, Kitale


Kiragu,

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Ng'ombe wa Trans-Nzoia wanashauriwa vizuri dukani kwako, na wewe mwenyewe unakunywa chochote kinachowekwa kwenye stuli. Nimejumlisha. Kama kila kidonge na kila pakiti ilikuwa na miligramu mia tano, ulikunywa elfu tano na mia tano za parasetamoli kwa siku, na mtu mzima mwenye afya hapaswi kupita elfu nne. Ikizidi inaumiza ini, na ini halipigi kelele mapema. Nafurahi umepona, lakini pitia hospitali wakupime damu. Na msomaji mwingine aliyezidisha leo asingoje kuumwa, aende leo hii.

Swali lako ni zuri, bana. Dawa ya mafua ni mkusanyiko wa dawa kadhaa, ya homa na maumivu, ya kufungua pua, ya kukausha kamasi, na kila mtengenezaji huchanganya hizo hizo akazipa jina na rangi yake. Ile ya kukausha kamasi ndiyo iliyokulaza juu ya mizani. Ile ya kufungua pua hubana mishipa ya damu, na hiyo ndiyo iliyoukimbiza moyo. Kwa hiyo siku nyingine chagua moja tu, usome kilichomo ndani, ikiwa ya maji upime kwa kikombe chake na si kwa kijiko cha chai, na usishike usukani. Watoto wadogo msiwape kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Mafua yenyewe huisha hata usipokunywa kitu.

Kuhusu kumwaga dawa kwenye maua, acha. Maua hayakohoi.

Sasa rudia barua yako na uisome kama unavyosoma chupa. Mama ana presha. Vidonge vimeongezwa mara mbili na haishuki. Ameanguka. Amesema kwa mdomo wake kwamba dawa hii ndiyo inamsimamisha. Wewe uliona nusu chupa ukaona upendo, na upendo upo, sikatai. Lakini hukujiuliza ile nusu nyingine ilienda wapi. Ameinywa yeye, na sidhani hiyo ilikuwa chupa yake ya kwanza.

Sijampima, siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomwangusha. Ila dawa ya kufungua pua ni katika vitu vya kwanza tunavyomkataza mtu wa presha, na naogopa kliniki hawajui, kwa sababu kwake yeye hiyo ni ya kikohozi tu, si ya kutajwa kwa daktari. Aiache hiyo chupa. Vidonge vya presha asiache hata kimoja. Na kikohozi cha tangu mwezi wa nne usikiite moshi mpaka kipimwe. Wapime makohozi kwa kifua kikuu, na wakague dawa zake, maana zipo za presha zinazoleta kikohozi.

Hukuandika namba ya simu, ningekupigia. Nimemwomba mhariri aitangulize barua yako, kwa hiyo usingoje Jumapili. Nenda Bokoli kesho na Namalwa, maneno yapitie kwake kama desturi yao inavyotaka. Mama aambiwe kwamba zawadi yake uliipokea, ukaisoma, na ulichosoma kinamhusu yeye. Hapo hujakataa kitu. Kisha Namalwa amshike mama yake mkono hadi kliniki, na wewe ufuate nyuma yao ukiwa umebeba chupa.