Waya Ulioingia Chumba cha Eda

Nyumba ya Marehemu Baba,
Matsangoni,
Kwa njia ya Posta ya Kilifi.
28 Septemba 1988

Mpendwa Kaka Msellem,

Shikamoo kaka, na assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati u mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile joto mnalolilalamikia limeanza kuwahurumia. Je, mgongo unaendeleaje? Uliandika kwamba unakusumbua ukirukuu. Pakwa mafuta ya habasoda yaliyopashwa moto, wala usione haya kumwomba wifi akukande.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mimi na lile jino langu ambalo halitaki kutoka wala kutulia. Mvua za vuli bado. Mikorosho imetoa maua mengi mwaka huu. Mume wangu Faki nimemwacha Mambrui tangu nilipokuja kukaa na mdogo wetu, na amejifunza kupika wali mwenyewe. Ananiambia unaliwa. Sijaona shahidi.

Barua yako nimeipata Jumatatu. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili ikanikalisha. Umesikia huko kwamba Mahfudha anazungumza na wanaume kwa mashine akiwa ndani ya eda, na umeagiza wageni wahame kabla hujaja kwa Maulidi. Wanasema lisemwalo lipo. Kweli lipo, ila haliko vile ulivyoambiwa. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Ukitaka kukasirika baada ya hapo, hasira zako tunazijua, tutakupokea nazo.

Kwanza, aliyewakaribisha wageni hawa ni marehemu shemeji yako Stambuli mwenyewe. Alikuwa akipita na lori lake la chumvi kutoka Marereni akawakuta barabarani wanatafuta nyumba ya kupanga, watu waliokuja kupima mapango yetu haya ya matumbawe. Akawapa sebule na vyumba viwili vya mbele. Alifurahi kuliko wao, kwa sababu walimwahidi kuwa jenereta yao itawasha taa nyumba nzima. Unakumbuka baba alivyoacha tundu la waya katika kila ukuta, akingojea umeme ambao hata leo haujafika. Hawajahamia bado, lori likapinduka.

Walipofika na masanduku yao walikuta mikeka ya matanga uani. Wakataka kugeuza gari. Niliingia ndani kumwuliza Mahfudha, naye akaniashiria kwa mkono kwamba wabaki. Ahadi ni deni, na ile ilikuwa ahadi ya mumewe.

Nasema aliniashiria, kaka, kwa sababu alikuwa hasemi. Nilipokuandikia kwamba amekuwa mpole, upole wenyewe ulikuwa huo. Tangu siku ya maziko hakuna aliyemsikia akilitaja jina la Stambuli, wala jina la mtu mwingine. Sala anasali, chai anakunywa nusu kikombe, kisha anageukia ukuta. Gauni zake zilimpwaya mpaka nikawa nazipunguza usiku akilala ili asione. Niliogopa eda ingemmaliza yeye kabla yeye hajaimaliza.

Wageni wenyewe ni wachache. Mkubwa wao ni mama mmoja wa Kizungu wa makamo, Bi Hilda, na wa pili wake ni Mwalimu Thoya, Mgiriama wa Ganze anayefundisha jiografia. Asubuhi wanaingia chini ya ardhi na kamba na dira, jioni wanatoka kama mihogo iliyong'olewa sasa hivi. Vipimo wanavyoandika humo vinaingizwa kwenye kompyuta, nayo inachora pango. Wamekuja na kompyuta mbili. Aliyekuwa akizichapia alishikwa na malaria akarudi kwao, karatasi zikawa zinarundikana.

Bi Hilda akaniuliza kama namjua mtu wa kupiga taipu. Nikamwambia mwenye vidole hivyo yumo humu humu ndani, alifanya kazi hiyo hotelini Watamu kabla ya kuolewa, lakini amsahau, yuko edani. Nikamweleza eda ni nini. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na mashine, inaruhusiwa kuingia?"

Sikujibu kwa akili yangu. Nilijifunga buibui nikaenda kwa maalim wa msikiti. Akasema kazi ya mikono ndani ya nyumba, pasipo kuonana na mwanamume, haina ubaya, bora asijipambe. Basi Bi Hilda akaibeba mashine moja peke yake mpaka chumbani, akapitisha waya kwenye tundu la baba, ukatokea sebuleni kwenye mashine ya pili. Hivyo zikawa mbili zinazofanya kazi kama moja. Anachoandika Mahfudha ndani, Mwalimu Thoya anakiona nje, na karatasi mimi ndiye ninayezipitisha chini ya pazia. Bi Hilda anasema huko kwao mashine huunganishwa mji na mji kwa waya wa simu. Nikamwambia aanze na huo wa ukuta mmoja.

Na maneno ambayo umeambiwa wanaandikiana, nimeyasoma yote kwa macho yangu. "Hii ni saba au moja?" "Ni saba." "Karatasi imelowa tope, soma tena." Kama hayo ni mapenzi, karani wa korosho ameipenda wilaya nzima.

Sasa nikueleze habari za Shangazi Nana, maana najua uvumi umetoka wapi. Alikuja kututazama, akakikuta kile kioo kinawaka na Mahfudha amekaa mbele yake kichwa wazi. Akasimama mlangoni. "Shekha, hichi kioo chaona?" Nikamwambia hakioni. "Televisheni za watu twazitazama, nao wale wa ndani watutazama, hawasemi tu." Nilipokwenda jikoni, akaivua leso yake akaifunika mashine gubigubi, juu mpaka chini, kama anavyomfunika mtoto mwenye surua.

Kumbe mashine ile inapumulia mgongoni. Ilichemka, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, kioo kikazima, na vipimo vyote vya siku ile vikapotea. Sebuleni Mwalimu Thoya akaanza kuita, "Kumetokea nini huko?" Shangazi akakumbatia leso yake ya moto akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Jamani, nimeiua."

Mahfudha akacheka. Kaka, akacheka mpaka akashika ubavu, nami niliyekuja mbio kutoka jikoni nikabaki na mwiko mkononi sijui nifanye nini. Kicheko kikageuka kilio, kile kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, na Shangazi akamlaza mapajani akalia naye. Nilifunga mlango nikawaacha. Usiku ule alikula mkate wa sinia, akaongeza.

Mashine ilipopoa ilifufuka. Tangu siku hiyo Shangazi amehamia hapa, na hukaa kando yake akiipepea kwa kipepeo cha ukindu, ingawa Bi Hilda amemweleza kwamba haihitaji. Ukimtumia salamu, usiitaje leso.

Mahfudha akavirudia vipimo vilivyopotea, akaendelea na vingine. Bado alikuwa hasemi, lakini anakula, na karatasi zikichelewa ananitazama mimi kama nimezila.

Lililonifanya nikuandikie leo hii ni la jana. Wapimaji wana desturi yao, kila chumba cha pangoni wanachokigundua lazima wakipe jina, ndipo kiingie kwenye ramani. Wamekwisha kuviita kila aina ya majina. Jana walibakiwa na chumba kimoja kidogo cha mwisho, kikavu, hewa yake nzuri. Mwalimu Thoya akaandika kwenye mashine kwamba wamekubaliana wote, chumba hicho akipe jina mwenye kuvichapa vipimo vyake, ambaye ameyapita mapango yote asiingie hata moja.

Mahfudha aliyasoma maneno yale. Vidole vilikuwa juu ya vitufe, havikushuka. Shangazi akaacha kupepea. Kisha mdogo wetu akainuka, akajitanda leso yake vizuri, akaenda kusimama nyuma ya pazia. Waya ulikuwa mzima kaka, haukuwa na kasoro yoyote, angeweza kuandika. Akasema kwa sauti, nayo ilikuwa imekwaruza kwa kukaa sana bila kazi:

"Stambuli. Andika Stambuli."

Kisha tukamsikia Mwalimu Thoya akijibu taratibu, "Nimesikia, dada. Mungu amrehemu." Nilimtazama Shangazi kuona kama atakemea sauti ya mjane kutoka nje. Alikuwa anajifuta macho kwa ile ile leso.

Basi kaka, wewe ndiye uliyebaki mahali pa baba, na ukisema waondoke wataondoka. Lakini kazi yao itakwisha siku chache baada ya Maulidi, na Mahfudha atakuwa ametoka eda. Nakuomba sana usiung'oe waya ule kwa barua. Njoo uuone, kisha useme. Nimekuwekea humu karatasi ya ramani waliyoichapa jana. Itazame pembe ya chini, upande wa kulia, utaliona jina la shemeji yako.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Shangazi Nana anakuombea dua kila baada ya alfajiri, na anataka umletee udi, kwa ajili ya siku Mahfudha atakapotoka eda. Faki naye anakusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde safarini, akufikishe kwetu salama.

Nilimwuliza Mahfudha kama nimtilie salamu zake humu, kama ninavyomwuliza kila ninapokuandikia. Siku zote alikuwa akiinamisha kichwa tu. Leo amesema nisikuandikie kitu. Ukija atakusalimu mwenyewe, kwa mdomo wake.

Nduguyo akupendaye hata ukinuna,

Shekha