Nilimwita Binti Yangu Mtoto wa Jirani

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyohivyo, maana mwenye shida ndiye mdogo. Naomba unisaidie, nami nitasema yote bila kubakiza, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi ni fundi cherehani, shule sikufika mbali, na mume wangu ni kinyozi, vibanda vyetu vinagawana ukuta mmoja. Mungu hakutujalia kuzaa, akatujalia kwa mlango mwingine: miaka tisa iliyopita tulimuasili binti wa miezi saba kutoka nyumba ya watoto, hati za mahakama zipo kabatini, na mwenyewe anajua tangu hajaweza kufunga kamba za viatu. Sasa sisi ni weusi wa kuiva, na yeye ni mweupe, nywele zake za singa, hazikai kwenye msuko hata uzibembeleze vipi. Baba yake alimpachika jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake yanayochoma, na mtaa mzima unamwita hivyo.

Shida ni maswali ya watu. Hatupiti mahali, iwe zahanati, iwe sokoni, iwe kwenye ibada, bila kuulizwa, "Huyu wa nani?" "Baba yake mzungu?" Mume wangu ana ulimi mwepesi, mteja akiwa na povu kidevuni akauliza, "Kinyozi, huyu mtoto mmemtoa wapi?" yeye humjibu, "Punguza sauti, huyo ndiye mwenye nyumba, sisi wapangaji tu," na wembe uko shingoni, nani ataendelea kuuliza? Watu hucheka, na Sindano alikuwa akicheka kuliko wote. Mimi sikujaliwa ulimi huo, mimi husema "Ni kazi ya Mungu," nikainamia cherehani yangu.

Basi mwezi uliopita alikuja mama mmoja kupimwa gauni la harusi ya mwanawe, siku ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi, nimechoka, mgongo unaniuma, na yule mama ana maswali kuliko hakimu, akaniuliza, "Yule mtoto mweupe niliyemkuta mlangoni ni wako?" Mshauri, sijui ni shetani gani aliyenipitia, nikasema, "Hapana, mtoto wa jirani, huja kunisaidia." Akasema, "Ahaa, ndiyo maana," tukaendelea. Kumbe Sindano hakwenda kwa baba yake kama nilivyodhani, alikuwa chini ya meza ya kukatia anaokota pini. Akatoka na pini zake kiganjani, akazitia kwenye kopo, akamwamkia yule mama kwa adabu zote, akaenda zake. Hakunitazama. Nilimkana mwanangu, na hapakuwa hata na jogoo wa kunistua.

Tangu siku hiyo ameacha kuuliza. Huyu ni mtoto wa kuuliza toka anaamka, kwa nini uzi mweusi unakatika upesi, kwa nini watu wanafumba macho wakisali, Mungu hufumba macho akitusikiliza? Sasa kimya.

Halafu wiki iliyopita nikaona jambo. Yeye ndiye mwandishi wangu, mimi napima nikitaja namba, yeye anaandika kwenye daftari la vipimo, nami nimemfundisha kwamba kipimo usichokipima hukikisii, unaacha wazi mpaka mteja arudi. Natafuta urefu wa mkono wa mteja, nikafungua kurasa za nyuma, nikakuta kapiga mistari kama yangu, lakini badala ya kifua, kiuno na nyonga, kaandika Aliyeuliza, Alichouliza, Jibu, Kweli. Maswali yote ya watu yamo. Majibu ya baba yake yamo, hata lile la wapangaji. Na hapo mwishoni: "Mama wa gauni la harusi. Yule ni wako? Hapana, mtoto wa jirani." Safu ya Kweli iko tupu kutoka juu hadi chini, hata nukta hakuna.

Ukurasa wa pili kaandika Maswali Yangu. "Mama wa kwanza alijua kushona?" "Mbona hakuna anayemuuliza baba amefanana na nani?" "Nikikua nikamuasili mtoto mweusi, watu watauliza pia?" "Mama akiulizwa nikiwa sipo, anasemaje siku zote?"

Nililia mpaka nikalowesha kitambaa cha mtu. Nimerudisha daftari mahali pake, lakini kila siku nachungulia kama ameongeza neno, kama mwizi. Mume wangu anasema, "Mke wangu, yaliyopita si ndwele, ukimwambia umesoma siri zake hatakuamini tena." Nami nauliza, ninyamaze nimwombee, au niseme? Yule mama anarudi Jumamosi kujaribu gauni, na natamani augue mafua, Mungu anisamehe.

Mama Sindano

*

Mama Sindano,

Marahaba, umri nimekuzidi kidogo, kwa hiyo nitakusema kama dada mkubwa.

Kuchoka kunasameheka. Mgongo kuuma kunasameheka. Lakini mteja alikuuliza swali la ndiyo au hapana, na jibu lake la kweli lilikuwa fupi kuliko uongo wako. Hukumkana kwa chuki, najua, ulitaka maswali yaishe. Mtoto wa miaka tisa hajui tofauti hiyo, na wala si kazi yake kuijua. Hapo umekosa, na kukosa kwenyewe unakujua, kwa hiyo sirudii.

Sasa futa machozi unisikilize. Umeniandikia habari za siri ya mtoto. Siri ipi? Daftari hilo ni la nani? Ni lako. Nani hulifungua kila siku ya Mungu? Wewe. Mtoto mwenye siri huificha chini ya godoro, haiandiki kwenye daftari la kazi la mama yake, tena yeye anayejua kuliko wote kwamba mkono wako utafika humo. Mtoto huyo amekuandikia barua, na wewe umeisoma, ukairudisha, unachungulia kama kuna nyingine. Yeye naye anachungulia kama umejibu. Mnachunguliana nyumba nzima!

Na hiyo safu tupu iliyokuliza, mbona wewe mwenyewe ulimfundisha maana yake? Hajaandika kwamba ukweli haupo. Ameacha wazi kwa sababu hakutaka kukisia.

Kwa hiyo mumeo simkubalii, ingawa wembe wake shingoni umenichekesha. Ndwele hii haijapita, bado iko wazi daftarini. Tena mwambie amuulize binti yake kama utani wa wapangaji bado unamfurahisha. Huenda anaupenda. Huenda aliuchoka zamani na anamwonea baba yake haya.

Wewe, leo hii, usingoje kesho, funga kibanda mapema, kaa naye na daftari katikati. Anza na la kwako: "Nilisema uongo, nisamehe." Usiongeze "lakini". Kisha mjibu maswali yake moja moja. Usilolijua sema hulijui. Usimtungie mama wa kwanza anayeshona ili kumfurahisha. Nyumba ya watoto mliyomchukua bado ipo? Nendeni wote watatu mkaulize kilichoandikwa, hata kama kitakuwa mistari miwili. Safu ya Kweli aijaze yeye kwa mkono wake, na pale atakapopenda kuacha tupu, iache tupu. Maombi endelea nayo, ila magoti yasichukue kazi ya mdomo.

Mafua usimwombee mteja. Jumamosi mwombe Sindano awepo na kalamu yake kama kawaida, na akikataa usimlazimishe. Yule mama akiingia, kabla hajavua viatu, mwambie, "Siku ile nilikudanganya. Yule ni binti yangu." Sauti yako itetemeke ikitaka, ila isikike. Akiuliza mlimpata wapi, usimjibu wewe. Mgeukie mwanao umuulize kama anataka lijibiwe. Akitikisa kichwa kukataa, basi, mwambie mteja anyooshe mikono, upime mabega.